Hakuna Aliyebisha Hodi

2 Juni

Kaka,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumwombea mtu afya njema, lakini nikianza hivyo wewe utasema nakutania, maana ungekuwa na afya njema usingekuwa kwenye hiyo wodi. Kwa hiyo naanza na mimi. Mimi sijambo. Nimemaliza mtihani, nimerudi kutoka bweni na sanduku langu, na kila anayenikuta mlangoni ananiuliza sasa nitafanya nini. Nasema nasubiri matokeo. Ni jibu zuri, linafunga midomo.

Nimefurahi kwamba rafiki yako Fundi atakuwa anatupitishia barua kila akija kukutazama. Simu zenu zinakaa kwa muuguzi, na hata zisingekaa huko, mimi nikishika simu maneno yananikimbia.

Umesema albamu imekamilika na unataka iende na kijitabu cha maneno ya nyimbo zote, ili mtu aliye kwenye hali kama yako aweze kusoma hata kama hana nguvu ya kusikiliza. Umeniomba niyaandike mimi kutoka kwenye sauti, kwa sababu hukuwahi kuandika mstari hata mmoja. Ulighani kutoka kichwani, na sasa dawa zimekifunga kichwa. Nitaandika, Kaka. Mwandiko wangu ndio kitu pekee walimu walichokisifia bila kuongeza "lakini hasemi".

Chumba chako kiko kama ulivyokiacha. Blanketi ulilolipigilia misumari ndani ya kabati bado lipo, na kile kiti kifupi. Nilijaribu kukaa humo. Uliwezaje kughani albamu nzima ya hip hop umekunja magoti kati ya makoti? Komeo ulilofunga kwa ndani Mama ameling'oa, yamebaki matundu ya skrubu.

Mama yuko kazini kama kawaida, anapiga pasi pale dobini kutwa nzima, redio juu ya rafu ya mashuka. Wakimuuliza habari zako anasema umepata kazi kampuni ya mbali. Jana nilimsikia akisema wamekupandisha cheo. Sikujua nicheke au nijifiche.

Je, Mama ameshasikia hizo nyimbo?

Mdogo wako,
Chiriku


6 Juni

Chiriku wangu,

Nilipokupa jina hilo nilijua ninachofanya. Mtoto asiyesema, ukimwita kwa jina la ndege mwenye makelele, watu wanacheka badala ya kumshangaa.

Huku chumbani tupo na mzee mmoja tunamwita Mwalimu. Kazi yake kusahihisha ukuta. Jana aliupa sitini kwa mia, akasema unaweza ukijitahidi. Nikamuuliza, "Na mimi je?" Akanitazama kwa huruma, akasema, "Wewe hukufanya mtihani. Ulijifungia." Hawa ndio wanaoitwa wagonjwa.

Mama hajasikia. Na usimwambie kitu. Wimbo wa nne ndio utakaotangulia, na Fundi ameshampa mtangazaji wa kipindi cha mchana. Unajua redio ya pale dobini haizimwi. Nataka Mama ausikie hapo hapo, pasi mkononi, wenzake wakisikiliza.

Usiniite mkatili kabla hujaelewa. Wewe ulikuwa bweni, hukuona. Zile wiki nilizojifungia, kila siku niliporudi kutoka kabatini nikafungua mlango kidogo, nilikuta sahani sakafuni, imefunikwa kwa sahani nyingine. Baridi. Hakuna mtu. Hakuna aliyegonga, hakuna aliyeniuliza "mwanangu una nini". Hata mbwa, Chiriku, huitwa kwa jina lake akitengewa chakula. Aliyegonga ule mlango ni Fundi peke yake, tena kwa ngumi, ndiyo maana niko hai nakuandikia.

Kwa hiyo ukisikia kiitikio utajua kimetoka wapi. Daktari anasema ule wimbo ndio uliomwonyesha pa kuanzia. Ninausimamia kama mtu anavyosimama kwenye jiwe katikati ya maji. Nyimbo nyingine zikipotea, sawa. Huo hapana.

Andika vizuri.

Kaka yako,
Kufuli


8 Juni

Mdogo wetu,

Flashi hiyo hapo. Ina albamu nzima, kwa hiyo usiisahau mfukoni ukaifua. Ikiharibika, mimi na kaka yako tutahamia wodi moja.

Nimekuwekea sauti tupu, yaani Kufuli peke yake. Mdundo nimeuondoa ili usikie kila neno. Utasikia na takataka nyingine: kiti kinalia, paka, mlango, mtu anapita ukumbini. Kabati si studio. Kwenye nyimbo zenyewe takataka zote nimeshazifuta, usihangaike nazo.

Wimbo wa nne utachezwa redioni Ijumaa ya tarehe 27. Mtangazaji ameupenda mpaka akaniuliza, "Huyu mama yupo kweli?" Nikamwambia mama wote wapo.

Nakusifu kwa kazi unayoifanya. Kaka yako anakutaja sana, zaidi ya anavyokutaja kwenye nyimbo.

Fundi


11 Juni

Kaka Fundi,

Shikamoo. Samahani kwa kukuandikia haraka hivi.

Nimeandika nyimbo tatu za kwanza bila shida. Kwenye wimbo wa nne nilikuwa narudia mstari wa pili wa kiitikio, kwa sababu Kaka anaumeza mwisho wake. Nilirudia mpaka nikaacha kumsikia yeye, nikaanza kusikia kilichoko nyuma yake.

Mlango unaosema ni takataka, umewahi kuusikiliza? Si mlango unaofunguliwa na upepo. Ni mtu anabisha hodi, polepole, kama anayegonga kwa kucha. Ananyamaza, anabisha tena. Halafu anasema. Pandisha sauti, weka sikio. Ni Mama.

Anabisha wakati Kaka anaghani kwamba hakuna aliyebisha hodi.

Nimetazama nyimbo nyingine. Yupo kwenye wimbo wa sita, yupo na kwenye wa tisa, na zilirekodiwa siku tofauti. Anayoyasema ni mambo ya nyumbani kwetu, mengine nimeyasikia kwa mara ya kwanza maishani, kwa hiyo naomba ukiyasikia uyaache hapo hapo.

Kaka hajui. Nadhani alikuwa amevaa hedifoni. Naomba umwambie mtangazaji asubiri kwanza. Mama akiusikia ule wimbo mbele ya watu wa dobini, sijui atashika nini.

Chiriku


12 Juni

Kaka,

Kazi inaendelea. Nyimbo tatu ziko tayari, nimeziandika kwa wino mweusi.

Nina maswali madogo ya kazi tu. Ulipokuwa unarekodi ulivaa hedifoni masikio yote mawili, au moja uliliacha wazi kama wanavyofanya wengine? Na mdundo ulikuwa juu au chini? Na mlango wa kabati ulikuwa unaufunga?

Leo nilimpelekea Mama chakula dobini, nikakaa naye kidogo. Alikuwa na mashuka ya hoteli. Nikamuuliza kama vile nauliza habari za jana, "Mama, Kaka alipokuwa amejifungia, ulikuwa unambishia hodi?" Hakuniangalia. Akasema, "Mtoto wa kiume akifunga mlango unamwachia chakula unaondoka. Ulitaka nifanyeje, nimbembeleze kama bibi harusi?" Mwenzake wa meza ya pili akacheka. Mama naye akacheka. Kisha tukasikia harufu. Pasi ilikuwa imesimama pale pale kwenye shuka.

Mama hajawahi kuunguza nguo ya mtu tangu nizaliwe.

Ndiyo hayo tu. Msalimie Mwalimu, mwambie na mimi nasubiri matokeo.

Chiriku


14 Juni

Mdogo wetu,

Niliposoma barua yako nilicheka kwanza, nikasema msichana amekaa peke yake nyumbani ameanza kusikia sauti. Samahani. Nikafungua faili, nikapandisha mpaka mwisho. Nikazima. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, na mteja aliyekuwa anasubiri akadhani umeme umekatika.

Kazi yangu ndiyo iliyonitia upofu. Kwenye skrini mlango unaonekana kama vilima vidogo kati ya maneno. Nilivikata kimoja kimoja bila kusikiliza, kama mtu anayechambua mchele huku anapiga soga. Nimesikia na lile la Mzee wenu. Mdomo wangu umeshonwa.

Sasa nikwambie jambo ambalo niliapa nisiseme. Kufuli anaamini nilikuja kugonga mlango wake kwa akili yangu. Mama yako ndiye aliyenipigia simu. Aliniambia, "Njoo ugonge wewe, mimi mkono wangu hauwezi." Nikamuuliza kwa nini, akakata. Akanitumia ujumbe: usimwambie ni mimi. Leo ndiyo nimejua kwa nini mkono haukuweza.

Lakini kuuondoa wimbo redioni siwezi kwa neno lako, wala kwa neno langu. Albamu ni yake. Tulipoanza nilimwahidi sitagusa mstari bila yeye kuniandikia kwa mkono wake, maana watu wameshamfanyia maamuzi ya kutosha. Na kumwambia sasa, sijui. Sista, yule muuguzi wa zamu ya mchana, anasema ndiyo kwanza ameanza kulala na kumaliza chakula. Sasa umwondolee jiwe chini ya miguu?

Tarehe 27 iko pale pale. Mtangazaji ameshaanza kulitaja jina la wimbo hewani. Kama Mama yako hajasikia tangazo, ni bahati tu.

Fikiri, na mimi nafikiri.

Fundi


17 Juni

Chiriku,

Ndiyo, nilivaa hedifoni. Masikio yote mawili. Ndiyo, mdundo ulikuwa juu mpaka mwisho, kwa sababu ukiwa chini nilisikia kichwa changu. Ndiyo, kabati nilifunga. Sasa nimekujibu.

Na wewe nijibu. Tangu lini wewe ni mtu wa maswali? Miaka yote ukiulizwa unataka chai au maji unatikisa kichwa, tukabaki kubahatisha. Leo unaniuliza masikio yangu yalikuwa wapi. Umemwambia Mama. Amekutuma. Anataka aseme nilikuwa sisikii, kwamba alibisha sana, ni mimi tu kichwa changu kibovu. Ndivyo wanavyofanya: ukishalazwa huku, kila ulichokiona unaambiwa hukukiona.

Na hiyo hadithi ya shuka umeniandikia ya nini? Nimhurumie? Amekwambia mwenyewe kwa mdomo wake, unamwachia chakula unaondoka. Umeliandika kwa mwandiko wako mzuri.

Dawa ya jana nimeikataa. Sista akaniuliza kwa nini, nikamwambia muulize mdogo wangu, siku hizi ndiye mwenye maswali.

Uko upande gani? Andika mstari mmoja tu. Kama ni upande wake, flashi mrudishie Fundi, kijitabu kitaandikwa na mtu mwingine.

Kufuli


19 Juni

Kaka,

Umetaka mstari mmoja. Sina upande. Nina sauti mbili kwenye flashi moja, na nimezisikiliza zote.

Fundi aliogopa nikikwambia utaanguka. Mimi niliogopa zaidi yake, ndiyo maana niliandika maswali badala ya habari, nikakutia wasiwasi mbaya kuliko habari yenyewe. Mama hajanituma. Mama hajui kama maiki yako ilimsikia. Umeikataa dawa kwa sababu yangu, kwa hiyo sasa nakupa kitu chenyewe. Kisome mchana, Sista akiwa karibu. Nimemwandikia na yeye karatasi ndogo kumwomba akae na wewe.

Umeniambia niandike maneno ya wimbo wa nne kama yalivyo kwenye sauti tupu. Haya hapa, kama yalivyo.

Wewe: *Nimekuwa mpangaji kwenye nyumba ya mama,*

(Mlango unabishwa, polepole.)

Mama: Mwanangu. Ni mimi.

Wewe: *Kodi yangu ni kimya, risiti yangu lawama.*

Mama: Chakula kinapoa. Sikulazimishi.

Wewe: *Ningepigwa kofi ningejua wananiona,*

Mama: Baba yako alipojifungia nilimgongea kwa nguvu. Niligonga kwa mchi, nikapiga kelele, nikaita majirani, mtaa mzima ukajaa mlangoni. Mlango ulipovunjwa alikuwa ameshatuacha.

Wewe: *Lakini mlango kimya, na kidonda hakijapona.*

Mama: Wewe sitakugongea hivyo. Nitabisha kwa kucha tu, usishtuke. Ukichoka utafungua.

Wewe: *Hakuna aliyebisha hodi, hakuna aliyeuliza,*

(Mlango unabishwa.)

Wewe: *Ndani kuna mtu, na mtu ni giza.*

(Mlango unabishwa. Halafu sahani inawekwa sakafuni. Hiyo sahani inasikika vizuri kuliko kitu kingine chochote.)

Kaka, mimi pia niliambiwa ni moyo. Tuliambiwa Baba moyo wake ulisimama akiwa amelala, tukawa tunaogopa kulala. Nimejua juzi, kwenye kiti chako kifupi, kati ya makoti. Nilitoka humo nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Sijamwambia mtu. Sikuwa na wa kumwambia zaidi yako, na wewe ndiye niliyekuwa nakuficha.

Sisemi mstari wako ni uongo. Ulisikia kimya, ukaghani kimya. Kimya kilikuwepo, kwenye masikio yako. Na Mama alibisha. Sijui yote mawili yanakaaje kwenye wimbo mmoja. Ila yamo tayari, hakuna aliyeyaweka.

Tena, aliyempigia Fundi simu aje na ngumi zake ni Mama. Muulize Fundi.

Ijumaa ya wiki ijayo wimbo utachezwa. Fundi hatagusa kitu bila neno lako. Mama hana habari. Jana alinunua betri mpya za ile redio.

Meza dawa, tafadhali. Hata kama umenikasirikia. Mtu anaweza kukasirika na kumeza.

Chiriku


22 Juni

Mdogo wetu,

Nimetoka wodini sasa hivi. Hakutoka kuniona.

Sista ameniambia hivi: aliisoma barua yako ameketi kitandani, yeye akiwa pembeni. Aliposhika karatasi ya pili akarudi kwenye ya kwanza. Kisha akageukia ukutani, na mpaka leo amegeukia huko. Chakula anakula kidogo. Dawa anameza, ila hasemi. Mwalimu amekuwa akimpelekea chai na kuiweka chini karibu na kitanda. Sista akamwambia, "Mgongee bega ajue imekuja." Mwalimu akasema, "Nimeshagonga. Anafanya mtihani, msimsumbue."

Nimemwachia Sista hedifoni zangu na ile sauti tupu kwenye kifaa kidogo kisicho na mtandao. Nimemwambia ampe akitaka, asipotaka akae nacho. Daktari amekubali, kwa sharti awepo mtu.

Sijui kama tumefanya vizuri. Ulinitangulia kwa ujasiri na sasa nina hasira na wewe na sina hasira na wewe. Mtangazaji amenipigia kuthibitisha Ijumaa. Nimemwambia ndiyo, kwa sababu sina neno lingine mkononi.

Kama una njia yoyote ya kumtoa Mama yako dobini Ijumaa mchana, anza kuitafuta. Mwambie unaumwa tumbo.

Fundi


24 Juni

Chiriku,

Mpe Fundi nusu ya barua hii, nusu nyingine ni yako. Nimeiandika kwa mkono wangu ili asipate kisingizio.

Fundi: wimbo wa nne usichezwe Ijumaa. Mpe mtangazaji wimbo wa pili, ule wa kabati, una vichekesho, watu wataupenda. Wimbo wa nne ubaki kwenye albamu na usibadilishe mstari wangu hata mmoja. Nilighani nilichokisikia. Ila ule mlango ulioufuta, urudishe. Wote. Kiitikio cha mwisho kikifika, shusha mdundo taratibu mpaka uishe kabisa, uache mlango peke yake, na sahani. Usiweke kinanda cha kuliza watu. Nakujua.

Yale maneno aliyoyasema si yangu kuyatoa. Yamekuwa kwenye maiki yangu lakini ni ya kwake. Asipotaka, yakatwe, ubaki mlango. Asipotaka na mlango pia, wimbo wote uuache. Nimemaliza.

Sasa wewe.

Niliivaa hedifoni ya Fundi mara ya kwanza nikaivua kabla sauti haijaanza. Mara ya pili nikasikiliza. Nilikuwa nimemkalia Mama kooni mwezi mzima, kumbe alikuwa nyuma yangu, umbali wa mlango na kabati. Nilikuwa napiga kelele kwamba hakuna mtu, na kelele zenyewe ndizo zilizonizuia nisimsikie. Sista aliniuliza kama nataka kuzima. Nikamwambia subiri, bado sahani.

Nilidhani nikilipoteza lile jiwe nitazama. Sijazama. Nimelowa tu.

Habari ya Baba imenikalia vibaya na sitajifanya. Lakini kuna kitu kingine nimekiona ndani yake. Daktari alikuwa ananiuliza kila mara, "Kwenu kuna mwingine aliyewahi kuugua hivi?" Nikawa namjibu hapana, niko peke yangu. Kumbe si kosa nililolianzisha mimi. Leo nimemjibu.

Na wewe nilikwambia umetumwa na Mama. Hilo nalifuta. Umekaa ndani ya lile kabati peke yako na jambo kubwa hivyo, mtoto ambaye hawezi kuomba chumvi mezani.

Lakini kuna kazi moja imebaki na hakuna wa kuifanya ila wewe. Mwekee Mama asikilize. Simwandikii mimi, nikimwandikia atasema sawa kwa sababu naumwa. Mketishe. Mwambie kwa mdomo, Chiriku, si kwa karatasi.

Kufuli


28 Juni

Kaka,

Nimemwambia kwa mdomo.

Jana sikuweza kumngoja arudi. Nilikwenda dobini saa ya kipindi cha mchana, kwa sababu niliogopa mtangazaji asije akakosea wimbo. Hakukosea. Ulikuja wimbo wa kabati. Walipofika kwenye ule mstari wa koti la Baba linalokupiga vibao usoni, yule mwenzake wa meza ya pili alicheka mpaka akaweka pasi pembeni. Akasema, "Mama Kufuli, hii sauti si ya mwanao? Kumbe huko kwenye kampuni yao wanawaruhusu kuimba?"

Mama alikuwa anakunja shuka. Alilikunja mpaka likawa dogo kama leso. Kisha akasema, "Hakuna kampuni. Mwanangu yuko hospitali ya wagonjwa wa akili. Huo wimbo aliuimbia kabatini kwangu." Akachukua shuka lingine. Halafu yule mwenzake akasema polepole, "Dada yangu pia alilazwa," na wakaendelea kupiga pasi.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia, "Mama, kuna wimbo mwingine, na wewe umo." Sauti yangu ilitoka ndogo, akaniuliza nimesemaje. Nikarudia. Ni mara ya kwanza maishani nimerudia neno bila kulia.

Alitaka kusikilizia pale pale uliporekodia. Akakaa kwenye kiti kifupi, ndani ya kabati, magoti yamekunjwa, makoti kichwani. Nikamvisha hedifoni, nikakaa sakafuni, mlango wa kabati wazi. Nilijua alipofika kwa sababu mkono wake wa kulia ulianza kusogea kwenye paja, unabisha. Haukukosea hata mara moja. Ulikuwa unabisha pamoja na ule wa kwenye sauti.

Wimbo ulipoisha aliuliza swali moja: "Alikuwa hasikii?" Nikasema hapana, Mama, alikuwa na mdundo masikioni. Akasema, "Basi nilibisha kwa adabu mno." Akacheka, kisha haikuwa kucheka tena. Nilimshika miguu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Jibu lake ni hili: mlango uwekwe, na sahani iwekwe. Maneno ya Baba yakatwe, atatuambia mwenyewe sisi wawili kwanza, baadaye ataona. "Mwanangu, ni mimi" yabaki. Nimemwandikia Fundi hivyo hivyo.

Ukurasa wa wimbo wa nne kwenye kijitabu nimeshaumaliza. Chini yake nimeandika: *Maneno, Kufuli. Mdundo, Fundi. Mlangoni, Mama.* Fundi ameuliza jina langu liende wapi. Nimemwambia sijaimba kitu. Amesema nisilete ujinga.

Mama anataka kalamu. Namwachia hapa chini.

Chiriku


Mwanangu,

Mdogo wako ameniambia niandike kidogo maana nafasi imebaki ndogo, sijui tangu lini ameanza kuniamrisha.

Ule wimbo ni mzuri. Umenipiga, lakini ni mzuri. Usiufute kwa ajili yangu.

Jumapili nakuja. Nimeomba ruhusa dobini na nimewaambia ninakokwenda. Nitaleta chakula na sitakiweka sakafuni.

Mlango wa wodi yenu Fundi anasema ni wa chuma. Nitaugonga kwa kiganja, mpaka usikie. Ukisikia kishindo usishtuke.

Ni mimi,
Mama